Tulijuta gari la mkopo: milango ya kutokea, na mmoja tunaoukataa

Mwezi Machi 2025 tulisaini mkataba wa gari jipya hapa Westville. Kufikia Juni tulikuwa hatulali vizuri. Tunaandika bila kujificha, kwa sababu wengi mnaotusoma mko saiti au kwenye nyumba za watu, na mnafikiri mambo haya huwapata wale tu ambao hawakwenda shule. Mmoja wetu ana shahada ya biashara na kila siku anakula mshahara kwa kukagua hesabu za watu wengine. Mwingine anafundisha chekechea, na kwa hesabu za nyumbani ndiye mkali zaidi. Wote wawili tulikaa kwenye viti laini vya shorumu, tukaletewa kahawa, tukasaini kurasa ambazo hatukuzisoma.

Kwa msioijua Westville, ni mtaa wa vilima magharibi ya Durban, wenye kuta ndefu na bustani, barabara kuu ya N3 inapita kando yake na duka kubwa la Pavilion limekaa juu ya kilima. Asubuhi dada zetu wa kazi za ndani wanashuka kwenye teksi, maana daladala za hapa ndizo zinaitwa teksi, halafu wanapanda vilima kwa miguu hadi kwenye mageti. Mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya mwenye gari. Ukiishi kwenye nyumba ya uani kama sisi, mvua ikakunyeshea wiki nzima kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, unaanza kuamini gari ni haki yako. Tulikuwa na kigari cha zamani. Februari gia ikagoma. Fundi wa Pinetown akataka R14,000. Tukasema, kwa nini tutie hela kwenye chuma chakavu? Jamani, sentensi hiyo ni ghali. Tukaliuza kwa mtu wa spea, tukaenda shorumu.

Sasa hesabu, na tunaziweka wazi zote. Gari lilikuwa R263,000. Makandokando yakaongeza R17,000: ada ya kufungua mkopo R1,207.50, ambayo ndiyo kikomo cha kisheria pamoja na kodi, kisha dhamana ya nyongeza, mpango wa matengenezo, na dawa ya kulinda rangi ambayo hadi leo hatujui ilifanya nini. Mkopo ukawa R280,000, miezi 72, riba ya 13.5% isiyobadilika. Hatukutoa kianzio. Rejesho likawa kubwa kidogo kuliko tulivyotaka, kijana wa mikopo akatabasamu, akasema anaweza kulishusha. Akaweka kile wanachokiita baluni: asilimia 30 ya deni, yaani R84,000, inasukumwa hadi siku ya mwisho. Rejesho likashuka hadi R5,000 pamoja na ada ya R69 ya kila mwezi. Tukafurahi kama watoto.

Angalia ile furaha ilikuwa na maana gani. Bila baluni tungelipa kama R5,764 kwa mwezi. Tuliokoa R764 mara miezi 72, jumla kama R55,000. Lakini mwisho wa safari tungetakiwa kutoa R84,000 kwa mkupuo. Tulikuwa tunalipa R29,000 zaidi ili tu kuonekana tunaweza. Mhasibu mwenzetu ofisini alipoona karatasi alicheka hadi akakohoa. Na kwa kuwa tuliogopa riba kupanda tukachagua isiyobadilika. Riba kuu ya mabenki ikashuka mwezi Mei, ikashuka tena mwisho wa Julai, sisi tukabaki palepale tulipojifunga.

Mwezi wa kwanza wa R5,000, riba peke yake ilikula R3,150. Ada ikala R69. Deni lenyewe likapungua R1,781. Baada ya marejesho manne tulikuwa tumetoa R20,000, na deni lilikuwa limeshuka kwa R7,250 hivi, likasimama kwenye R272,750. Wakati huohuo bei ya gari sokoni ilikuwa imeshuka zaidi ya hapo, maana gari jipya linaanza kushuka thamani siku linapotoka getini. Huu ndio msingi wa majuto yote ya gari la mkopo: unadaiwa zaidi ya kile unachoweza kukiuza. Ukishauelewa huo, milango mingine yote utaielewa.

Na rejesho si gharama yote. Benki inalazimisha bima kubwa: R1,350. Kifaa cha kufuatilia gari likiibiwa: R180. Petroli: kama R2,100. Jumla R8,630 kwa mwezi. Pima na kima cha chini cha mshahara wa Afrika Kusini, ambacho kuanzia 1 Machi 2025 kilikuwa R28.79 kwa saa, kwa wafanyakazi wa ndani pia. Dada aliyefanya saa 45 kwa wiki alipata kama R5,600 kwa mwezi kabla ya makato. Yaani gari letu lilikuwa linakula mshahara wa mtu mzima mmoja na nusu, na lilikuwa linalala uani siku tano kati ya saba, kwa sababu ofisi iko kilomita tatu.

Nani aliyelipa? Hapa ndipo tunapoona aibu. Kabla ya gari tulikuwa tunatuma R4,000 nyumbani Tanga kila mwezi, kwa mama na ada ya mpwa wetu aliye bweni. Kuanzia Aprili tukatuma R1,500. Tulimwambia mama ni kwa muda. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, gari zuri wanangu, Mungu awatunze, na akatuomba picha nyingine ya ubavuni. Hakutaja kitu kingine. Ni dada yake, shangazi yetu, aliyepiga simu mwezi Julai kusema mama anakunywa dawa za sukari siku moja na kuruka siku moja ili zifike mwisho wa mwezi. Usiku ule tulikaa mezani na makaratasi yote, gari likiwa dirishani linang'aa.

Tulianza na mlango ambao kila mtu anautaja: kurudisha tu, si ndiyo kwanza tumelichukua? Sheria ya Mikopo ya Taifa, namba 34 ya mwaka 2005, inayo nafasi ya kughairi. Ni siku tano za kazi tangu kusaini, tena kwa mkataba wa ukodishaji au wa malipo ya awamu uliosainiwa nje ya ofisi zilizosajiliwa za mkopeshaji, kama vile nyumbani kwako au kazini. Sisi tulikuwa tumepita siku tano mara nyingi. Sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 nayo inakupa miezi sita ya kurudisha bidhaa mbovu, uchague itengenezwe, ibadilishwe au urudishiwe hela. Lakini gari letu halikuwa bovu. Ubovu ulikuwa kwetu. Kwa hiyo mlango huu ukafungwa haraka, ila wewe ambaye umesaini juzi mezani kwa bosi wako, muuzaji akiwa amekuja mwenyewe na fomu, hesabu siku zako leo hii, uandike barua, na ubaki na nakala.

Mlango wa pili tuliukuta shorumu nyingine. Walikuwa wachangamfu mno. Leteni gari lenu, tutawapa dogo, rejesho litashuka. Walilipima gari letu R205,000. Deni R272,750. Pengo ni R67,750. Tukauliza pengo linakwenda wapi, wakasema msijali, tunaliingiza kwenye mkopo mpya. Hebu fikiria: unanunua gari la R180,000 na mkopo wako unaanza R247,750, kwa miezi mingine 72. Rejesho linaweza kushuka kweli, kwa kuwa miezi imeanza upya na baluni mpya imepandwa. Tunaamini huu ndio mlango unaoumiza watu wengi kuliko yote, kwa sababu unafanana na msaada. Kule kwetu mikopo ya namna hii tunaiita kausha damu, ila tumezoea kuiona kwa mkopeshaji wa mtaani mwenye daftari, hatuitambui ikiwa imevaa tai.

Wa tatu ni kuirudishia benki yenyewe. Sheria ileile, kifungu cha 127, inakuruhusu kuandika kwamba unasitisha mkataba na kurudisha gari kwa hiari. Unalipeleka ndani ya siku tano za kazi. Benki ina siku kumi za kazi kukuandikia thamani inayokadiria. Kama hudaiwi marejesho yaliyopita, una siku kumi nyingine za kazi za kughairi na kulichukua gari lako. Usipoghairi, linauzwa kwa bei bora inayoweza kupatikana kwa hali ya kawaida, gharama zinakatwa, na pengo linabaki kuwa deni lako. Rudia kusoma hapo: linabaki kuwa deni lako. Kuna kaka alitwambia, nimewarudishia gari, yameisha. Hayajaisha. Gari linalouzwa mnadani mara nyingi huchukua bei ya mnada. Kwa aliyekwama kabisa, ambaye mwezi ujao hana chochote, mlango huu ni wa halali na ni bora kuliko kukimbia simu. Kwa ambaye bado anaweza kulipa miezi mitatu minne, tunasema usubiri kidogo.

Na hili liwaingie wale waliokwisha kuchelewesha. Anayekuja getini na fulana yenye nembo, akisema ametumwa kuchukua gari, hana ruhusa ya kulichukua kwa nguvu bila amri ya mahakama. Benki inapaswa kwanza kukuandikia notisi, ikupe siku zako kumi za kazi, ndipo iende mahakamani. Anachokitaka huyo mtu ni saini yako kwenye karatasi ya kurudisha kwa hiari. Ukisaini pale getini kwa hofu, jirani wanatazama, umemrahisishia kazi. Mwambie kwa adabu alete amri ya mahakama. Kuwa na kibali cha kazi cha mgeni hakupunguzi haki hiyo.

Sasa mlango tunaoukataa. Mnaujua. Jumapili baada ya ibada, au pale Albert Park, mtu anasema: nichukulie marejesho. Mimi nakupa gari, wewe unalipa benki kila mwezi, likiisha ni lako. Hakuna pengo, hakuna karatasi, ndugu kwa ndugu. Tumeona mafundi wawili wa saiti, watu wenye heshima zao, wakifanya hivyo na pikapu. Aliyepokea alilipa miezi mitano, akahama mji. Faini za barabarani zikaendelea kuja kwa jina la yule wa kwanza. Pikapu ilipogongwa, bima ilikataa kwa sababu aliyekuwa anaendesha kila siku hakuwa aliyeandikishwa. Benki haikutaka kusikia habari za ndugu. Gari la mkopo wa awamu ni mali ya benki hadi randi ya mwisho, na huwezi kumpa mtu kitu ambacho si chako. Tunajua kwa nini watu wanafanya: wengi wetu hatuna historia ya mikopo hapa, na yule mwenye karatasi anajiona anamsaidia asiye nazo. Hata hivyo tunasema hapana, hata kwa kaka wa tumbo moja. Hata kwa sisi, tukija kukuomba.

Kwa sababu hiyohiyo tuiue na ndoto nyingine, ya kulipitisha Beitbridge na kwenda nalo nyumbani. Tuliiota pia. Usukani uko upande wa kulia, gari lingefaa Tanga bila shida. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru wa gari moja mtu anayehamia kwao, kama amelimiliki na kulitumia nje kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili. Amelimiliki! Gari lenye deni, kwenye kadi yake mwenye hati ni benki, na hata kuvuka nalo mpaka kwa likizo unahitaji barua ya benki. Maliza deni kwanza, hesabu miezi, ndipo tuzungumze.

Wapo pia walioandika kuhusu gari la kufanyia teksi ya simu, lile unalolipa kila wiki hadi liwe lako. Hilo ndilo linalowafikia wengi wenu kwa sababu hawaulizi hati nyingi. Hatusemi wote ni wezi, ila soma ukurasa unaosema ukikosa wiki mbili kunatokea nini. Kama umelipa miaka miwili na wiki mbili zinafuta yote, wewe ulikuwa unakodi, tena kwa bei ya kununua. Angalia tena: Sheria ya Mikopo inapotaja ukodishaji inamaanisha ule ambao mwisho wake kitu kinakuwa chako. Kwa hiyo mkataba ukiitwa wa kukodi lakini unaahidi gari mwishoni, uliza namba yao ya usajili kwa msimamizi wa mikopo wa taifa, NCR. Wakibabaika, amka uondoke. Na ukiwa umeshaingia ukaonewa, kuna mpatanishi wa magari, MIOSA, na tangu Machi 2024 wapatanishi wa benki, mikopo na bima wameunganishwa kuwa ofisi moja ya taifa, ambayo humlipi kitu kumpelekea malalamiko.

Ndugu zetu mlioko Ghuba msichukue vifungu hivi mkavitumia huko. Kwenye Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022 hundi kukosa fedha si kesi ya jinai kama ilivyokuwa zamani, isipokuwa kukiwa na udanganyifu, lakini mdai bado anaweza kuomba uzuiwe kusafiri. Mtu mwenye deni la gari halafu anakata tiketi ya likizo aulize kwanza, asije akajulia uwanja wa ndege.

Sisi tulipita mlango wa nne, ambao hauna mtu wa kukuletea kahawa: kuliuza wenyewe na kufunga pengo kwa mfuko wetu. Hatua ya kwanza ilikuwa kuiandikia benki kuomba hesabu ya kumaliza deni. Hapa kuna jambo ambalo hata mhasibu wetu wa nyumbani hakulijua hadi alipolisoma. Mkopo ukiwa wa R250,000 au zaidi unahesabiwa mkubwa, na ukiumaliza mapema benki inaweza kukutoza riba ya hadi miezi mitatu. Lakini ile miezi inapunguzwa na notisi uliyotoa. Ukitoa notisi ya miezi mitatu kamili, tozo inakuwa sifuri. Kwetu ilikuwa tofauti ya zaidi ya R9,000 kwa barua moja ya mistari sita. Tuliipeleka 1 Agosti, tukaendelea kulipa kama kawaida, na tukapata miezi mitatu ya kutafuta mnunuzi bila kukimbizwa. Mkopo wa chini ya R250,000 hauna tozo hiyo, unalipa na kuondoka.

Hatua ya pili ilikuwa makandokando. Dhamana ya nyongeza na mpango wa matengenezo ni mikataba inayojitegemea, inaweza kufutwa, na sehemu isiyotumika ikarudi kwenye akaunti ya mkopo. Shorumu hawakutwambia, tuliuliza, wakasema haiwezekani, tukaandika, ikawezekana. Zilirudi R9,300. Dawa ya rangi haikurudi, imo kwenye gari.

Bima hatukuigusa. Kuna rafiki alishauri tuifute kwa miezi hiyo mitatu tuokoe R4,000. Wenyeji wa hapa wanaikumbuka Aprili 2022, mafuriko yalivyokuja Durban, zaidi ya watu 400 wakafa, nyumba zikaondoka na magari yakabebwa kama makopo. Hata kiwanda cha Toyota cha Prospecton kilifunikwa na maji kikasimama kwa miezi. Gari likiondoka na maji, deni haliondoki nalo.

Mnunuzi alipatikana Oktoba, muuguzi wa Pinetown, mwenye mkopo wake wa benki nyingine. Alitaka kutupa fedha nusu mkononi. Tulikataa, tukaziacha benki mbili zizungumze, hela zikaenda moja kwa moja kwenye deni letu na hati ikatoka kwa utaratibu. Bei R226,000. Wakati huo, baada ya marejesho saba, deni lilikuwa R267,100. Pengo R41,100. Tukaweka zile R9,300. Tukaweka R26,000 zilizokuwa za kiwanja Muheza, ambacho tulikuwa tunakitolea macho tangu 2022. Zilizobaki, R5,800, tulizipata kwenye upatu, ule ambao wenyeji wanauita stokvel: tuliwaomba wenzetu watusogezee zamu, dada mmoja anayepika kwenye nyumba ya jirani akatuachia yake ya Novemba. Aliposikia ni za nini alicheka, akasema, na nyie wasomi!

Kwa hiyo tumelipa kiasi gani kwa kuendesha gari jipya miezi saba? Marejesho R35,000, akiba R26,000, upatu R5,800. Jumla R66,800, kama R9,500 kwa mwezi, ukiacha bima na petroli. Ni fedha nyingi, hatuzipambi. Lakini tungebaki nalo hadi mwisho tungekuwa na marejesho mengine 65 na baluni, yaani R409,000 bado mbele yetu. Mtu anayesema msiuze, mtapata hasara, anahesabu hasara inayoonekana siku ya kuuza na kuisahau ile inayokatwa kimyakimya kila tarehe 30. Hasara ilikuwa imeshatokea siku ile ya Machi. Kuuza kuliionyesha tu.

Kuna watakaopinga. Wapo mlio na gari la mkopo linaloingiza hela, fomani mwenye pikapu anayebeba vijana kumi kwenda saiti kila siku, na anamaliza mwezi na ziada. Huyo asiuze kwa sababu ya makala hii. Abaki nalo, aongeze hata R500 juu ya rejesho kila anapoweza, maana kila randi ya ziada inakwenda kupunguza deni lenyewe na riba ya mwezi unaofuata inapungua. Wapo pia ambao deni si la gari tu, ni la nguo, simu, samani na mkopeshaji wa mtaani. Kwao tunashauri mshauri wa madeni aliyesajiliwa na NCR, wakijua kwamba wakiingia kwenye utaratibu huo hawataruhusiwa mkopo mwingine hadi watoke.

Lakini wengi mnaotuandikia si hao. Wengi mna gari linalolala. Na mkituuliza kwa nini hamliuzi, jibu halitaji riba wala pengo. Mnasema: nyumbani watasemaje? Picha imeshazunguka. Mjomba ameshamwambia kila mtu. Tunaielewa aibu hiyo, tuliibeba miezi minne kabla hatujaandika barua yoyote, na kila mwezi wa aibu ulikuwa na bei yake, R8,630. Tulichoshangaa ni kwamba tulikuwa tunawaficha watu ambao ndio walikuwa wanailipa.

Sasa tunapanda teksi, na siku za mvua tunalipia gari la simu. Usafiri wetu wa mwezi haufiki R1,800. Novemba tulirudisha R4,000 za Tanga, na kwa miezi saba ijayo tunaongeza R2,500 juu yake kufidia zile R17,500 tulizozikata, tukizituma kwa mkupuo mmoja badala ya vipande, kwa kuwa kutuma hela kutoka Afrika Kusini ni ghali kuliko kutoka nchi nyingine za kundi la G20 na ada za vipandevipande zinajumlika. Mama anakunywa dawa kila siku. Kiwanja kitasubiri.

Picha ya gari bado iko kwenye simu ya shangazi. Wiki iliyopita alitupigia kuuliza mbona siku hizi hatulionyeshi. Tukamwambia tumeliuza. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, kwa shilingi ngapi?